Haki ya kununua mahindi: hesabu ambayo daftari la Handeni halioni

MAHINDI ya masika yanapoanza kukauka shambani, wanunuzi huanza kuzunguka vijiji vya Wilaya ya Handeni hata kabla mkulima hajatafuta magunia. Mkulima ana ada ya shule au deni la pembejeo, mnunuzi ana fedha kidogo mfukoni. Wanakubaliana bei ya gunia, mnunuzi anaacha kiasi fulani na kuahidi kurudi mzigo ukiwa tayari. Asiporudi, fedha aliyoiacha inabaki kwa mkulima. Fedha hiyo ndiyo inayojulikana sokoni kwa jina la kishika uchumba.

Mnunuzi huyo akiulizwa amenunua nini, atajibu kuwa amenunua mahindi. Kwa lugha ya masoko ya fedha jibu hilo si sahihi. Alichonunua ni haki ya kununua mahindi kwa bei iliyokwisha kupangwa, hadi siku iliyokwisha kupangwa, bila kulazimika kuyachukua. Haki ya namna hiyo katika masoko ya Chicago na Johannesburg inaitwa opsheni, na kishika uchumba ndiyo bei yake.

Tofauti ni kwamba mfanyabiashara makini wa Chicago au Johannesburg hafungi ofisi jioni bila kuangalia, kwa msaada wa programu ya kompyuta, atapata au atapoteza kiasi gani bei ikipanda au ikishuka. Mfanyabiashara wa Handeni au Korogwe kwa kawaida ana daftari lenye majina ya watu na fedha alizotoa. Daftari hilo linaonyesha nani anadaiwa. Halionyeshi hatari.

Swali ni kama zana hizo za kompyuta, ambazo sasa zinapatikana hata kwenye simu ya mkononi, zinaweza kumfaa mtu anayeshughulika na magunia 200 na si tani 20,000. Jibu ni kwamba zinamfaa, lakini kwa masharti.

Magunia yasiyo na mwenyewe

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa mfanyabiashara mmoja. Mwezi wa sita anawapa wakulima wa Handeni kishika uchumba cha Sh. 5,000 kwa gunia, kwa magunia 200, ili apate haki ya kununua kila gunia kwa Sh. 60,000 mwisho wa mwezi wa nane. Anatoa jumla ya Sh. 1,000,000.

Wiki hiyo hiyo mwenye mashine ya kusaga mjini Korogwe anatafuta uhakika wa mahindi. Anamlipa mfanyabiashara Sh. 4,000 kwa gunia ili awe na haki ya kuuziwa magunia 300 kwa Sh. 65,000, kama atayahitaji, kwa tarehe ile ile. Mfanyabiashara anapokea Sh. 1,200,000.

Kwenye daftari mambo ni mazuri. Ametoa milioni moja, amepokea milioni moja na laki mbili, na juu ya hapo kuna tofauti ya Sh. 5,000 kwa kila gunia. Kisichoonekana ni kwamba amenunua haki ya magunia 200 na ameuza haki ya magunia 300. Magunia 100 hayana mwenyewe.

Ukiacha gharama za usafiri, ushuru na upungufu wa uzito, hali yake mwisho wa mwezi wa nane itategemea bei ya gunia sokoni kama ifuatavyo:

Bei Sh. 50,000: faida Sh. 200,000
Bei Sh. 60,000: faida Sh. 200,000
Bei Sh. 65,000: faida Sh. 1,200,000
Bei Sh. 77,000: hakuna faida wala hasara
Bei Sh. 90,000: hasara Sh. 1,300,000
Bei Sh. 120,000: hasara Sh. 4,300,000

Bei ikibaki Sh. 60,000 au chini ya hapo, hakuna anayetumia haki yake na mfanyabiashara anabaki na laki mbili zake. Ikifika Sh. 65,000, anachukua magunia 200 ya wakulima na kupata Sh. 5,000 kwa kila moja. Kuanzia hapo kwenda juu, kila bei inapoongezeka kwa Sh. 1,000 anapoteza Sh. 100,000, kwa sababu magunia 100 lazima ayatafute sokoni kwa bei ya siku hiyo na kuyatoa kwa Sh. 65,000. Faida yake ina dari. Hasara yake haina.

Mtu huyu angeweza kufahamu hayo yote siku ile ile aliyopokea fedha ya mwenye mashine. Kilichohitajika ni jedwali moja la kompyuta.

Jedwali la bure linatosha kuanzia

Programu ya kwanza ya majedwali kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979. Ikafuatiwa na Lotus 1-2-3 mwaka 1983 na Excel mwaka 1985. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kujua hali ya mikataba yake kwa bei kumi tofauti alilazimika kupiga hesabu mara kumi kwa mkono. Jedwali la kompyuta linapiga hesabu zote kwa pamoja, na bei moja ikibadilishwa, majibu yote yanabadilika.

Kwa biashara ya mahindi jedwali linahitaji safu chache tu: tarehe ya makubaliano, jina la upande wa pili, kama haki imenunuliwa au imeuzwa, kiasi, bei ya makubaliano, kishika uchumba, siku ya mwisho na mahali pa kukabidhiana. Kisha zinaongezwa safu za bei za majaribio, kuanzia ile ya chini kabisa inayoweza kufikirika hadi ile ya juu kabisa.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kwa kila haki ya kununua, chukua bei ya sokoni utoe bei ya makubaliano; jibu likiwa chini ya sifuri andika sifuri; zidisha kwa kiasi. Kama haki hiyo uliinunua, jumlisha. Kama uliiuza, toa. Mwisho weka vishika uchumba, vilivyotoka na vilivyoingia. Jumla ya kila safu ndiyo hali ya biashara yote kwa bei hiyo.

Wazoefu wanashauri kiasi kiandikwe kwa kilo na si kwa gunia. Gunia la kilo 100 na lumbesa ni vitu viwili tofauti, lakini kompyuta iliyoandikiwa "gunia" itavihesabu kuwa kimoja.

Delta, theta na vega

Jedwali hilo linaeleza hali ya siku ya mwisho. Je, kabla ya siku hiyo? Hapo ndipo zinapoingia programu za hali ya juu zaidi, ambazo zimejengwa juu ya kanuni iliyochapishwa mwaka 1973 na Fischer Black na Myron Scholes, na kuendelezwa na Robert Merton. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, soko la opsheni za hisa la Chicago lilifunguliwa. Scholes na Merton walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997. Black alikuwa amefariki dunia mwaka 1995.

Programu hizo hutoa vipimo vinavyoitwa kwa majina ya Kigiriki. Delta inaeleza haki uliyonayo ni sawa na kushika kiasi gani cha mali yenyewe kwa sasa. Tuseme bei ya leo ni Sh. 65,000. Haki za Sh. 60,000 alizonunua mfanyabiashara wetu zinaweza kuwa na delta ya 0.7, na zile za Sh. 65,000 alizouza, delta ya 0.5. Magunia 200 yakizidishwa kwa 0.7 ni 140; magunia 300 yakizidishwa kwa 0.5 ni 150. Kwa leo yuko kama mtu anayedaiwa magunia 10 tu, na anaweza kulala.

Bei ikipanda hadi Sh. 90,000, delta zote mbili zinakaribia 1. Sasa ni 200 kwa 300, naye yuko kama mtu anayedaiwa magunia 100. Deni limekua mara kumi bila yeye kusaini mkataba mpya. Kasi hiyo ya kubadilika kwa delta inaitwa gama, nayo ndiyo iliyowaangusha wengi waliouza opsheni wakidhani kwamba hatari ya jana ndiyo ya leo.

Theta hupima thamani inayopungua kwa kila siku inayopita. Aliyenunua haki anaumia siku zikienda bure, aliyeuza anafurahi. Vega hupima athari ya wasiwasi wa soko: zikisikika tetesi za kufungwa mpaka, thamani ya haki hupanda hata kama bei ya mahindi yenyewe haijasogea.

Faida kubwa ya vipimo hivi ni kumwambia mfanyabiashara achukue hatua wakati bado ni rahisi. Katika mfano huu hatua ni moja: kutafuta haki ya magunia 100 zaidi, au kununua magunia 100 na kuyaweka ghalani, bei ikiwa bado iko karibu na Sh. 65,000. Kwa Sh. 90,000 hatua hiyo imechelewa.

Waliokwisha kutumia

Opsheni za mazao si jambo geni katika ukanda huu. Mwaka 2005 Serikali ya Malawi, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilinunua haki ya kununua hadi tani 60,000 za mahindi kupitia Standard Bank ya Afrika Kusini, kwa hesabu ya bei za soko la Johannesburg. Njaa ilipobana na bei kupanda, haki hiyo ilitumika na nchi ikapata mahindi kwa bei iliyopangwa mapema.

Hapa nchini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, chama kikuu cha ushirika cha KNCU mkoani Kilimanjaro kilijaribu upande wa pili, yaani haki ya kuuza kahawa, chini ya mpango wa kukabili hatari za bei uliosimamiwa na Benki ya Dunia. Sababu ilikuwa wazi. Ushirika humlipa mkulima malipo ya awali kabla ya kuuza kahawa yote, na bei ya dunia ikianguka katikati, pengo linabaki kwa ushirika. Haki ya kuuza iliweka sakafu chini ya bei.

Katika mifano yote miwili mhusika alinunua haki. Hasara yake kubwa ilijulikana tangu siku ya kwanza: ni ile fedha aliyolipia haki. Hatari ya aina nyingine kabisa humkuta anayeuza haki.

Kompyuta haioni kila kitu

Kuanguka kwa benki ya Barings ya Uingereza, Februari 1995, ni ushahidi. Nick Leeson, aliyekuwa Singapore, alikuwa ameuza kwa wingi haki za kununua na za kuuza kipimo cha hisa za Japani cha Nikkei, akitegemea soko litulie. Tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995 lilivuruga utulivu huo. Hasara ilifikia pauni milioni 827, na benki ikauzwa kwa pauni moja. Barings haikukosa kompyuta. Hasara ilikuwa imefichwa katika akaunti namba 88888, na mabosi wa London walisoma taarifa zisizokuwa na ukweli wote.

Mwaka 2012 ikawa zamu ya JPMorgan ya Marekani, iliyopoteza takribani dola bilioni 6.2 kupitia ofisi yake ya London. Uchunguzi wa benki yenyewe ulionyesha kuwa moja ya hesabu za hatari ilikuwa ikiendeshwa kwenye majedwali yaliyojazwa kwa mkono kwa kunakili na kubandika, na kanuni mojawapo iligawanya kwa jumla mahali ilipopaswa kugawanya kwa wastani. Hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa.

Kwa Handeni na Korogwe kuna mambo matatu ambayo programu yoyote haitayaona isipoambiwa.

La kwanza ni uaminifu wa upande wa pili. Katika soko rasmi kuna chombo cha dhamana kinachosimama kati ya muuzaji na mnunuzi. Kijijini hakipo. Bei ikifika Sh. 90,000, mkulima aliyeahidi kuuza kwa Sh. 60,000 ana kishawishi kikubwa cha kumuuzia anayekuja usiku. Katika mfano wa juu, nusu ya magunia ya wakulima yakipotea kwa njia hiyo, na vishika uchumba vyake visirudishwe, hasara ya mfanyabiashara kwa bei ya Sh. 90,000 inatoka Sh. 1,300,000 na kufika Sh. 4,300,000, sawa kabisa na kama bei ingefika Sh. 120,000. Jedwali liwe na safu ya majaribio yenye wakulima wanaotimiza ahadi kwa asilimia 100, 75 na 50.

Ni vyema pia kukumbuka kuwa mkulima hakimbii bila sababu. Haki iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa wakati wa shida ndiyo inayovunjwa kwanza. Mkoani Kagera mtindo wa kununua kahawa ikiwa bado shambani, butura, umekuwa ukipigwa vita na Serikali kwa miaka mingi, na vivyo hivyo kangomba katika korosho za kusini. Mfanyabiashara anayetaka haki yake iheshimiwe huandika mkataba mbele ya uongozi wa kijiji, na hulipia haki hiyo bei inayofanana na thamani yake.

La pili ni bei kuruka. Kanuni ya mwaka 1973 inachukulia kuwa bei husogea hatua kwa hatua. Juni 2017 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha mahindi ghafi nje ya nchi, na Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kabla ya kulegeza kwa masharti. Tangazo la siku moja linaweza kuondoa au kuongeza maelfu ya shilingi kwenye gunia, bila bei kupita katikati ambapo mtu angeweza kujinasua.

La tatu ni mahali. Lami ya Korogwe hadi Handeni ni kilometa 65, na ya Handeni hadi Mkata kilometa 54. Umbali si mkubwa, lakini gharama ya lori, ushuru na upakiaji inatosha kula tofauti ya Sh. 5,000. Haki ya kununua mahindi Handeni si haki ya kununua mahindi Korogwe.

Chicago iko mbali, na masoko ya simu ni karibu mno

Wapo watakaouliza kwa nini wasijikinge moja kwa moja Chicago. Mkataba mmoja wa kawaida wa mahindi huko ni bushel 5,000, sawa na tani 127 hivi, au magunia 1,270 ya kilo 100. Tena ni mahindi ya njano, na bei yake hufuata mvua ya Marekani na vita ya Ukraine, iliyoipandisha kupita dola 8 kwa bushel mwaka 2022. Haifuati mvua za vuli za Handeni. Kwa mkonge wa Korogwe hali ni ngumu zaidi, kwani hakuna soko la opsheni la mkonge ambalo mtu anaweza kulikimbilia. Kinga pekee ni masharti ya mkataba na mnunuzi.

Masoko ya nyumbani nayo hayajafika huko. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, ni la hisa na hati fungani. Soko la Bidhaa la TMX huendesha minada ya mazao yaliyo ghalani kwa utaratibu wa stakabadhi, uliowekewa sheria mwaka 2005. Soko la Nairobi lilianzisha mikataba ya bei za baadaye Julai 2019.

Pengo hilo linajazwa na matangazo ya simu yanayowaahidi vijana utajiri wa "opsheni" kwa kubahatisha kama bei itapanda au kushuka ndani ya dakika chache. Hizo ni opsheni za ndiyo au hapana, ambazo hazimkingi mtu na hatari yoyote ya biashara yake, na Umoja wa Ulaya ulizuia zisiuzwe kwa wawekezaji wadogo kuanzia Julai 2018. Anayeombwa kuweka fedha aulize kwanza leseni katika Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Programu yenye grafu nzuri si leseni.

Kabla ya kupokea fedha

Kwa mfanyabiashara wa mazao, gharama ya kuanza ni ndogo: simu au kompyuta, programu ya majedwali na jioni moja ya kuhamisha daftari. Kazi ngumu ni nidhamu ya kuandika kila ahadi siku inapotolewa, ikiwemo ile iliyotolewa kwa mdomo barazani, na kuingiza bei mpya angalau kila siku ya gulio.

Kila anapotaka kuuza haki nyingine, aangalie safu ya bei ya juu kabisa na ajiulize kama mtaji wake unaweza kubeba tarakimu iliyoandikwa pale. Kama hauwezi, apunguze magunia anayoyaahidi mpaka tarakimu hiyo ibebeke, au amrudishie mwenye mashine fedha yake mapema, wakati bei bado inaruhusu.